Siku Tuliyosimama Nje ya Nyumba ya Kwenu

Mama Nora,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, maana katika familia hii wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukiniitikia marahaba. Mwanao Declan, miaka yote ya ndoa yetu, Kiswahili chake ni cha kuomba chai tu.

Nimechoka, Mama. Tangu ulipotutoka hapa Brussels, pale hospitali ya Woluwe, miezi mitatu sasa, kila nikitoka kazini napitia kwako Uccle kufungasha vitu. Nguo zimekwisha. Vyombo vimekwisha. Picha ulizochora ndizo zimenishinda. Ziko kumi na tisa za rangi, zote za nyumba ileile ya mawe yenye mlango mwekundu, kilima nyuma yake, na mvua. Declan aliniambia nizipeleke mnadani. Nikasema nitazipeleka. Sikuzipeleka.

Badala yake nilimwandikia mdogo wako, Tomas. Nisamehe. Najua hukutaka jina lake litajwe. Ulinisimulia mara moja tu, tukimenya viazi: kwamba ulirudi Ireland kutoka Songea, ulikokuwa ukifundisha kuchora, una mimba ya Declan na huna mume, kwamba baba yako alikufukuza, na kwamba Tomas alikubebea sanduku mpaka barabarani, akalitua, akarudi ndani bila neno. Ukaja huku Brussels. Hakukuandikia hata baba yenu alipokufa na nyumba ikabaki mikononi mwake.

Lakini alikuja, Mama. Nilimpokea stesheni ya treni ya Gare du Nord Jumamosi, mzee mrefu, ana pua yako, kofia ameishika mkononi kama mtu anayeingia kanisani. Declan alikataa kuja. Nikampeleka Uccle mwenyewe, nikamwandalia chai, nikamwonyesha picha. Alizitazama moja moja. Akasema mlango haukuwa mwekundu kamwe, ulikuwa wa kijani. Nikasema labda ulisahau. Akatikisa kichwa, akasema wewe hukuwa mtu wa kusahau.

Halafu akaifikia ya ishirini, ile ndogo ya penseli, uliyoichora ndani ya gari.

Unaijua safari ile. Tulimdanganya Declan kwamba tunakwenda kutazama majumba ya sanaa Dublin, kumbe tulikata nchi nzima mpaka magharibi, tukasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya kwenu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye dohani. Nikakusihi, "Mama, twende tukabishe hodi." Ukasema, "Wakinitaka, watatoka." Ukachora karibu saa nzima, kisha ukaniambia niwashe gari. Njia nzima nilijifanya sikuoni ukilia.

Tomas aliishika karatasi ile muda mrefu. Kisha akasema, "Niliwaona. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimjua dada yangu hata kabla hajashusha kioo."

Nikamuuliza mbona hakutoka. Akasema alikuwa na aibu, na alidhani mwenye haki ya kuanza ni wewe.

Nilikasirika, Mama. Nilitaka kumtoa nje mzee wa watu. Hatua thelathini tu, jamani. Mmoja kwenye gari, mmoja nyuma ya pazia, na mimi nimeshika usukani kama mjinga. Ningeshuka mwenyewe. Kila siku najiambia ningeshuka.

Sikumtoa. Nilimpa ile picha ya penseli aende nayo. Declan alipojua, alisema sikuwa na ruhusa, na ni kweli. Hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne, tukiwa mezani, akauliza mjomba wake anafananaje. Nikamwambia aende akamwone. Akasema ipo siku.

Nimewajua watu wa ukoo wako na hizo "ipo siku" zao. Nimekata tiketi mbili za kwenda Ireland, za Pasaka, nikaziweka juu ya meza. Declan ameziona. Jana nilimkuta chumbani anajaribu koti la mvua.

Pumzika, Mama. Mengine niachie mimi. Nakuahidi nitamfikisha mpaka ndani, nimkalishe mbele ya mjomba wake. Wakikaa kimya wote wawili, nitaanza kuongea mimi.

Mkweo,
Anitha