Tufe Moja, Mikono Mitano

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla keekee haijawashwa, kwa maana tundu likishatobolewa halina rufaa. Mimi ni mwenyekiti wa klabu ya boling, mchezo wa kuviringisha tufe liangushe pini, chuoni kwetu, na nilichaguliwa kwa ahadi kwamba hakuna mwanachama atakayekuwa mkubwa kuliko mwenzake, sasa klabu imezawadiwa tufe jipya, zito, ambalo bado halijatobolewa, lenye ngozi ya kukwaruza iliyotengenezwa mahususi kwa njia zenye mafuta mengi, na fainali ya Jumamosi itachezwa katika ukumbi ambao njia zake hupakwa mafuta hadi matufe yetu ya zamani huteleza kama sabuni bafuni, yakakataa kukata kona, yakaziacha pini zimesimama zikitucheka, basi nikasimama mbele ya wanachama nikauliza: je, tutaupinga ubinafsi majukwaani kisha tuukaribishe katika matundu matatu ya vidole? Wakapiga makofi, nikapitisha azimio kwamba tupime mikono yote mitano ya timu, tutafute wastani, na tufe litobolewe kwa wastani huo, liwe la wote. Vipimo nikampelekea mjomba wangu, fundi wa kutoboa matufe, akacheka hadi akavua miwani.

"Mpwa wangu, huu mkono ni wa nani?"

"Wa umma, Mjomba."

"Basi umma uje hapa na kidole gumba chake nikipime."

Nikamwambia anadharau maamuzi ya wengi, akanijibu kwamba yeye anatoboa matufe, hatoboi katiba, na hawashi keekee mpaka nimpelekee mtu mmoja. Wapo wanaosema awe Kimya, mwenzetu tunayemwita hivyo kwa uchache wa maneno yake, ambaye ndiye niliyemshinda katika uchaguzi wa uenyekiti, na ni kweli analizungusha tufe kuliko sisi sote, lakini sitaki ionekane... Mimi nauliza swali la kitaalamu tu: ile nukta inayoonyesha uzito wa ndani ya tufe ulikoelekea, iwekwe wapi ikilinganishwa na matundu ili tufe lishike njia yenye mafuta?

Mwenyekiti Njia Panda

*

Mwenyekiti,

Pole, na punguza sauti. Tufe halina masikio. Nalijibu kwanza swali lako la kitaalamu, usipate pa kujificha. Penye mafuta mengi unataka tufe liyumbe linapozunguka, ili kila mzunguko liguse njia kwa ngozi kavu, si ileile iliyokwisha kulowa. Kwa hiyo nukta isikae juu ya mhimili ambao tufe huuzunguka likitoka mkononi, wala isiwe mbali nao kabisa. Katikati ndipo linapoyumba zaidi.

Sasa, mhimili wa mkono wa nani? Kila mkono una wake. Mkono wa wastani hauna, kwa sababu haujawahi kurusha tufe wala kubeba ndoo ya maji. Umebuni mwanachama wa sita, asiyekuwepo, ukamkabidhi zawadi ya klabu! Na wale watano halisi? Mmoja kidole kitanasa, mwingine tufe litamponyoka limtue mguuni. Huo ndio usawa utakaoupata.

Tena, ndugu yangu, ulipomfikia Kimya sentensi ilikukatikia, wewe ambaye sentensi zako hazina breki. Hutaki ionekane nini? Kwamba uliyemshinda kwa kura anakushinda kwa mkono? Anakushinda. Wanachama walikuchagua kwa sababu unajua kusema, na hilo si dogo, lakini pini hazipigi kura.

Kesho nenda kwa Kimya mwenyewe, usimtume katibu, umwambie kwa ufupi: "Tufe la fainali ni lako, twende kwa Mjomba." Arushe kwanza tufe la zamani mara kadhaa, fundi auone mhimili wake ulipo, ndipo apime vidole, ndipo atoboe. Na ukifika umwombe Mjomba radhi kwa ule "umma" wako.

Nawe hutakosa kazi. Kila tufe linaporudi na mafuta lazima lifutwe kabla ya kurushwa tena. Lisipofutwa litateleza hata kama limetobolewa na malaika. Jumamosi chukua taulo, simama kando ya Kimya, ufute. Mwenyekiti anayelifuta tufe la mpinzani wake mbele ya ukumbi mzima hahitaji hotuba. Ukishindwa kabisa kujizuia, lihutubie taulo.