Muhuri Kwenye Theluji

Inje, 19 Januari. Asubuhi theluji ilikatika. Mbingu nyeupe, upepo hakuna.

Kwako Dada Gyeong-suk,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Mama hajambo? Goti linamruhusu kupanda ngazi, au bado anajifanya mzima? Mimi ni mzima kabisa. Kile kikohozi kimekwisha.

Nikupe habari za kazi. Hekalu la mlimani lilimwomba Mwalimu Pyo picha ya ukumbi wake mkuu ukiwa na theluji, itundikwe kabla ya mwaka mpya wa mwandamo wa mwezi. Tangu majani yalipopukutika mkono wa Mwalimu unatetemeka, kwa hiyo alinituma mimi. Niliketi uani juu ya gunia, maji ya rangi nimeyatia pombe ya soju kidogo yasigande. Mpishi wa hekalu, mama mnene mwenye sauti, alipita, akanusa, akaniuliza kama picha ile inachorwa au inaleweshwa. Nikamwambia tunakunywa kwa zamu, brashi kwanza. Alicheka mpaka akaniletea uji wa maboga.

Dada, theluji haichorwi. Karatasi ndiyo theluji. Unachora kilicho kando yake, basi, unajizuia. Paa lote nililiacha tupu, isipokuwa mistari ya wino pale vigae vinapochungulia. Rangi niliitia mahali pamoja tu, kwenye boriti za kijani na nyekundu chini ya paa, ambako theluji haifiki. Mara ya kwanza nilizidisha kijani, karatasi ikakinywa, hekalu likawa kama duka la peremende. Nikaichana. Mara ya pili nilingoja kila tabaka likauke, nikiipasha karatasi moto jikoni kwa yule mama. Imetoka nzuri, sikufichi. Ukiitazama unatamani kufunga vifungo vya koti.

Unaijua desturi ya nyumba hii: picha ikitoka, hutoka na muhuri wa Mwalimu, hata iwe kazi ya mkono wa nani. Bwana Tak, mwanafunzi mkongwe kuliko sote, aliponikuta naikodolea macho alinitania: “Mdogo wangu, wewe umempamba tu huyo bibi harusi. Mwenye mke yuko chumba cha pili.” Mwalimu naye alikuwa ameniagiza niache weupe pembeni kushoto, mahali pa muhuri wake. Niliuacha.

Sasa sikia, na Mama umwambie akiwa ameketi. Leo asubuhi, kabla Mwalimu na Bwana Tak hawajaingia, weupe ule niliugonga muhuri wangu mimi.

Muhuri haufutiki. Mwalimu alifungua kisanduku chake cha mihuri, akainama, akakuta jina langu. Bwana Tak alitoka nje kama mtu aliyeitwa. Mwalimu akasema nimeuweka chini mno, ukumbi unaonekana unateleza mlimani. Nikakubali, nikasema nitajifunza, ila jina litabaki. Akaniuliza kama najua hekalu linaweza kuikataa, maana waliomba kazi ya Pyo. Nikasema najua.

Basi akatoa muhuri mwingine, ule mdogo ambao mchoraji huugonga kwenye kazi ya mwenzake kuonyesha kwamba ameiona na kuikubali. Akaugonga kona ya juu. Umekaa upande, kwa mkono wake ule. Kisha akasema, “Kuanzia kesho usije kunioshea brashi. Ukija, njoo mgeni, nikuchemshie chai.”

Kwa hiyo sina tena mwalimu, wala chumba cha juu ya karakana. Kesho nahamia kwa mjane mmoja nyuma ya soko. Mama alinileta hapa akitumaini nitazeekea chini ya jina la Pyo, najua atalia. Mwambie sikufukuzwa wala sikutoroka.

Bwana Tak ameipeleka picha hekaluni mchana huu na jibu halijaja. Wakiikataa nitawachorea nyingine, na jina litakuwa lile lile.

Wabusu watoto, umkande Mama goti kwa niaba yangu. Ni mimi mdogo wako,

Ok Gyeong-rim

Saa tatu kasorobo usiku. Nazima taa, nalala.