Kabla Padri Hajafika Nyabiyonza

Hamburg, Ujerumani

Dada yangu mpendwa Adventina,

Shikamoo dada. Natumaini u mzima pamoja na watoto, na kwamba uvimbe wa mguu wa baba umepungua. Ile migomba iliyoangushwa na upepo kibanjani, mmeitegemeza? Mimi mwili hauna shida. Moyo ndio hautulii, ndiyo maana nakuandikia wewe na si baba. Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako.

Unajua nilikuja huku kusomea ufundi wa mitambo ya kuchapa, na kwamba baada ya kazi naimba. Kaseti niliyokutumia ulisema inatisha, kama ng'ombe anachinjwa. Nilicheka sana. Ndiyo hevi metali, dada: magitaa yananguruma na mwimbaji anatoa sauti kutoka tumboni. Lakini pumzi ni ileile niliyofundishwa na mwalimu wa kwaya pale parokiani. Mwaka wa saba huu naimba na wenzangu wanne, na watu wanasafiri kuja kutusikia.

Mwezi uliopita mwandishi wa gazeti la muziki aliniuliza, "Nyimbo zako za mapenzi unamwimbia nani? Mbona huyo msichana hatujamwona?" Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kila mara nilidanganya. Siku hiyo nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamwambia, "Si msichana. Anaitwa Holger, ni seremala, tunaishi pamoja." Akazima kinasa sauti, akaniuliza kama nina hakika aandike. Nikasema aandike.

Dada, hukusoma vibaya. Holger ndiye yule niliyekuwa namwita "mwenye nyumba wangu" katika barua zote.

Gazeti lilipotoka, mpiga gitaa wetu hakusema nami siku tatu. Mtu alivunja dirisha letu kwa jiwe. Halafu Jumamosi tulikuwa na tamasha la mchana uwanjani, ikaletwa karatasi isiyo na jina: nikipanda jukwaani sitashuka kwa miguu yangu. Nikaiweka maikrofoni chini. Nikamwambia Dieter, mpiga ngoma wetu, "Siwezi."

Akasema, "Mimi niko nyuma yako. Akija mtu atanikuta."

Nikapanda. Wimbo wa kwanza niliuimba nikitazama mikono ya watu, nani ameshika nini. Chupa ilirushwa, ikapita karibu na sikio langu. Watu wa mbele wakamkamata aliyeirusha, wakamtoa nje. Niliimba mpaka mwisho, na tuliposhuka yule mpiga gitaa alinishika bega.

Lakini hayo nimeyapita. Kinachoninyima usingizi ni simu ya juzi, kutoka kwa padri mmoja mzaliwa wa Kiruruma anayesoma huku. Ameliona gazeti. Hakunitukana. Aliuliza taratibu, "Deus, baba yako anajua?" Nikasema hajui. Akaniambia anakuja likizo mwezi ujao, atapita Nyabiyonza kuwasalimu, na baba akimuuliza habari zangu hatamwambia uongo. Nilimsihi anyamaze. Akajibu, "Basi waambie wewe kabla yangu."

Namwogopa baba, dada. Kaka Pastory alioa tu bila kumwomba ruhusa, na unajua ilichukua miaka mingapi jina lake kutajwa tena pale nyumbani. Mimi je? Naogopa mama akiingia kanisani watu wasogee mbali naye kwenye benchi. Naogopa hata askari nitakaposhuka kwenye ndege, maana kwetu jambo hili ni jela. Na tiketi ya kuja Krismasi ninayo tayari.

Nakuomba umwambie mama kwanza, mkiwa shambani wawili tu. Mwambie bado nasali, nakula vizuri, na kuna mtu ananitunza ninapougua. Yeye ndiye anayejua saa ya kuzungumza na baba.

Nisalimie shemeji Laurian, mume wako, na shangazi Koku, yule anayenipikia matoke kila nikirudi. Wao usiwaambie kitu kwa sasa.

Kama mtaona ni afadhali nisije, usiniandikie sababu, maana sitaweza kuisoma. Andika tu kwamba mvua imeharibu barabara ya kutoka Kayanga. Nitaelewa, na tiketi nitairudisha.

Ni mimi mdogo wako,
Deus