Mrehani wa Baridi

Ruashi, Lubumbashi
Mwezi wa kumi, mvua ya kwanza imeshapiga bati

Yaya Zaina,

Asalaam aleikum, yaya wangu uliyenibeba mgongoni wewe mwenyewe hujamaliza kukua. Goti lako linasemaje? Na lile paa lililokuwa linavuja upande wa jikoni, umepata wa kuliziba? Huku sote tunapumua, Mungu ashukuriwe. Baba Shabani bado anashona kule Kamalondo. Siku hizi kila bwana anataka abakosti, lile koti lisilo na tai, basi mgongo unamuuma lakini hatulali njaa. Watoto walipasuka midomo na visigino kwa baridi, sasa wanapona. Mama hajambo. Jicho alilopasuliwa linaona vizuri, anaweza kutofautisha kuku wetu na kuku wa jirani, na kila siku anagombana kwa ajili yao.

Najua umenikasirikia. Barua yako ilifika mvua ingali kali, nami nimekaa nayo mpaka mvua nyingine imerudi. Uliandika: "Jicho limepona, Mama anafanya nini tena huko? Mrudishe kwangu kabla baridi haijamuua." Uliandika pia kwamba umempakia chumba chokaa, na kwamba tangu marehemu shemeji atutoke, ukipiga chafya hakuna wa kukwambia Mungu akurehemu. Hapo nililia, Yaya. Sikunyamaza kwa dharau. Jibu halikuwa langu, lilikuwa la Mama, na Mama alilifunga kwenye mmea. Ngoja nikueleze yote, na usiruke mistari kama kawaida yako.

Wewe umezoea Kasongo, ambako ukitupa kijiti nyuma ya nyumba, kesho kimechipua. Huku si hivyo. Mvua ikikatika mwezi wa nne, mbingu inafungwa, hupati tone mpaka wa kumi. Katikati yake inakuja baridi, mwezi wa sita na wa saba, ile ya kukufanya ushike ndoo asubuhi huku machozi yanakutoka. Upepo unabeba vumbi jekundu, na siku nyingine moshi wa kule wanakoyeyusha shaba unashuka mpaka kooni. Mmea wa kwetu ukiuleta hapa unasimama kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

Mama alipokuja mwaka jana kupasuliwa jicho, ulimfungia mbegu za mrehani na vijiti vya hina kwenye pindo la kitenge. Alivipanda mbele ya nyumba, ndani ya lupango, ndivyo huku wanavyouita uwanja wa nyumba ya mtu. Vilishika vizuri sana. Mwezi wa sita vikawa vyeusi vyote kama vimechomwa na moto. Mama alikaa mbele ya yale mabua tangu adhuhuri, uji ukapoa pembeni yake. Akaniambia, "Mwajuma, nchi iliyomkataa mrehani wangu, itanitaka mimi?"

Basi barua yako ilipofika nilimsomea kwa sauti. Pale pa chumba cha chokaa alitaka nirudie. Halafu akasema, "Tafuta mmea mmoja, kichaka tu, si mti mkubwa. Tuupande sasa mvua ingalipo, tuupe maji mpaka ushike mizizi. Mvua ikikatika, hakuna kuupa tena hata tone. Ukipita baridi na kiangazi, na mimi nimepita, nabaki hapa. Ukifa, nikatie tiketi ya treni niende kwa Zaina."

Nikamwambia, "Lakini Mama, maji ya mmea mmoja hayatushindi."

"Mnayabeba kichwani kutoka bombani. Sitaki kukaa kwa watu kama kitu cha kumwagiliwa kila siku."

Yaya, hapo nilielewa kwamba hazungumzii mmea. Alijiona mzigo. Kwangu alijiona mzigo, na hata kwako angejiona hivyohivyo. Na unamjua Mama, neno lake akishalitoa halirudi. Nikaanza kutafuta huo mmea kama anayetafuta dawa ya mtoto.

Nilikwenda kwa jirani yangu Mama Ngoie. Ni Mkatoliki, Mluba wa kaskazini. Baba yake aliletwa huku kutandika reli, yeye amezaliwa papa hapa. Alinicheka kwanza, ndiyo desturi yake, halafu akaniambia kwa Kiswahili chao cha huku, "Mama Shabani, weye unachagulaka maua na macho. Muti ya huku banaichagula na majani. Jani ikiwa mukubwa na laini, ile muti iko na kiu sana. Baridi ikifika tu, kwisha." Kesho yake akaniletea matawi ya kila namna aliyoyakata kwa majirani, na kwa masista wa parokia yake anakokwenda kufua.

Mama alikunja miguu mkekani, jicho moja zima, jingine bado na ukungu, akaanza kuyapapasa majani moja moja. La kwanza lilikuwa pana na laini. Akalitupa, akasema jani kubwa ni mdomo mkubwa. La pili lilikuwa tawi la mtupa, ule usio na majani unaotoa maziwa. Huku wamezungushia nyumba nyingi, hautaki maji, hautaki kupendwa. Nikalinyakua mkononi mwake kabla halijavunjika, maana maziwa yake yakiingia jichoni tungekuwa tumempasua bure. La tatu lilikuwa bugenvilia. Akachomwa na mwiba, akacheka, akasema huyu ana hasira, hatakufa mapema, apandwe ukutani. La nne lilikuwa lantana, jani lake linakwaruza kama ulimi wa paka. Alilinusa akakunja uso. Mama Ngoie akalitetea, akasema mbuzi hawaligusi na kiangazi chote linachanua. Mama akakubali lipandwe nje, upande wa barabara, huko huko na harufu yake.

Mwisho akashika kitawi kidogo cha kwa masista. Majani yake ni membamba, magumu, kingo zimejikunja kwa ndani, na chini yake meupe, kama mtu aliyejifunika blanketi akaacha pua tu. Alikisugua, akaleta vidole puani. Akasugua tena. "Huyu anajua baridi," akasema. "Na ananukia. Anaitwaje?" Mama Ngoie akamwambia masista wanamwita romarini. Mama hakulitaka jina hilo. Akamwita mrehani wa baridi.

Masista walitupa mche uliokwisha kuota mizizi ndani ya kopo la maziwa. Tukaupanda katikati ya lupango, juu kidogo ambapo maji hayatuami, tukachanganya udongo na changarawe kama Mama Ngoie alivyotuonyesha. Tulimwagilia mpaka mvua ilipokatika. Siku hiyo Mama akaniambia nigeuze ndoo, nikaigeuza.

Baridi ikaja, na safari hii ilikuja na meno. Bugenvilia ikaangusha majani ikabaki miiba. Lantana ilikuwa inastahimili vizuri, lakini Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, watu wakaikata mpaka chini wakidhani ni majani ya njiani. Haikujali, ikachipua tena kwenye vumbi bila kuomba ruhusa. Ila hizo mbili Mama hakuzihesabu. Yeye macho yake yalikuwa kwa mrehani wa baridi tu, nami vilevile. Kila nikiamka nilikwenda kuutazama kabla ya kuwasha moto.

Mwezi wa saba nikaona majani ya chini yamekuwa manjano. Siku chache tena, yakawa meusi yakaanguka. Sikumwambia Mama, nikamwambia Baba Shabani aulize bei ya tiketi. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nguo zake za kufunga, Yaya, na nilikuwa nimeshaanza kukuonea wivu.

Mama Ngoie akapita, akauona. Akachutama, akaingiza kidole shinani, akaniangalia. "Hii muti haikufwe na baridi," akasema. "Iko inakufwa na mayi. Udongo iko chepechepe. Nani anaimwangia mayi?" Nikaapa hakuna. Niliwauliza watoto mmoja mmoja, nikamuuliza na Baba Shabani. Kila mtu anajua sharti la Mama, nani angethubutu?

Alasiri ya siku hiyo nilikuwa jikoni napepeta mchele. Mama akatoka na birika lake la udhu. Unajua Mama hutawadha amekaa juu ya jiwe, na la hapa mimi nililiweka karibu na mfereji wa jikoni tangu alipofika. Sasa nikaona jiwe liko pale katikati ya lupango, karibu na mmea. Siku zote lilikuwa mbele ya macho yangu, sikuwaza. Akakaa. Akasukutua, akanawa uso, mikono, akapaka kichwa, akaosha miguu, na maji yote yanateremka kwenye shina. Alipomaliza akatazama mlangoni, akaona hakuna mtu, akaliinamisha birika akamimina yaliyobaki polepole, mpaka tone la mwisho. Halafu akaenda kuswali zake.

Nilikaa chini na ungo wangu. Miezi yote ile nilidhani anangoja mmea ufe apate kuondoka. Kumbe ndiye aliyekuwa anauombea uishi, kila swala, na birika mkononi. Na kwa kuupenda hivyo alikuwa anauozesha.

Sasa ningefanya nini? Kumwambia nimekuona ni kumvunjia heshima mzazi. Kunyamaza, mmea ungekufa, na yeye kwa ukaidi wake angepanda treni huku hataki. Nikabeba jiwe, nikalipeleka ukutani, pale kilipobaki kisiki cha ile hina ya mwaka jana. Magharibi ilipofika nikamsikia.

"Mwajuma, nani amehamisha jiwe langu?"

"Mimi, Mama. Pale pana upepo."

"Upepo uko kote."

"Na ule mmea unaoza. Hautaki maji mengi."

Akatazama birika lake. "Nani anaupa maji?"

"Sijui, Mama. Labda umande."

"Umande wa huku ni mwingi," akasema. Akakaa juu ya jiwe ukutani, akaanza kutawadha.

Tangu hapo hakurudi tena pale katikati na birika. Nilimkuta asubuhi moja anaufukua udongo shinani kwa kijiko, anaweka changarawe kavu, nikapita kama sikuona. Mmea ukakauka miguu, ukashika rangi yake. Mwezi wa nane ulitoa vichipukizi, wa tisa ukatoa viua vidogo vya samawati, na vumbi lilikuwa limejaa mpaka kwenye kope zetu. Na kisiki cha hina, Yaya, nilichotaka kukichimba nikitupe, kimetoa majani mawili.

Juzi mvua ya kwanza ilipopita tulikaa barazani. Mama akachuma ncha moja ya mrehani wake, akainusa, akasema, "Mwandikie yaya wako."

"Niandike nini?"

"Andika mmea umepita baridi na kiangazi bila tone la maji."

Nikamtazama. Yeye akatazama kuku. Basi nimekuandikia kama alivyosema, na ukimjibu, usimwambie kwamba unajua.

Ila nilipochukua kalamu akaongeza neno, wala hakuniomba niliandike hili, naliandika mwenyewe. Alisema, "Zaina atalia, na mimi nitalia. Lakini Zaina yuko kwenye udongo wake. Akiugua, mtaa mzima unaingia kwake. Wewe mwanangu bado uko ndani ya kopo."

Nimekwambia kila barua kwamba nimezoea huku, na nilidhani mimi ndiye ninayemtunza yeye. Nisamehe, Yaya. Najua nimekunyang'anya mtu uliyemtaka zaidi, na najua chumba cheupe kisicho na mtu kinavyokaa kifuani. Mama anasema usikivunje wala usikipangishe, kifunge vizuri, atakuja kufungia humo Ramadhani moja Mungu akitupa uhai. Na anasema wewe ndiye uje kwanza, mwezi wa nne kabla baridi haijaanza, ukae mpaka uione kwa macho yako. Lete blanketi nzito, za huku tumeshagawana.

Nisalimie Bibi Asha aliyenifunza Kurani kwa fimbo, mwambie bado naikumbuka sura na fimbo pia. Nisalimie mjomba fundi wa baiskeli, na shangazi zetu wote wawili, huyu mnene na huyu mwenye maneno. Mpe pole yangu jirani yako aliyefiwa na mkwe. Mama Ngoie naye anakusalimu, anasema ukija atakupikia bukari, ugali wa huku, mpaka ukubali kwamba ugali wenu ni uji.

Barua hii anakuletea Mzee Ramazani, mfanyabiashara wa samaki wa chumvi, anayepanda treni ya Kindu na kushukia Samba, kisha anashika barabara mpaka kwenu Kasongo. Amebeba pia kopo. Ndani yake kuna mche wa mrehani wa baridi, Mama ameuotesha kwa mkono wake. Uupande mahali pa juu, kwenye mawe, jua liupige siku nzima, maana mvua ya Kasongo itauonea. Na usiumwagilie maji. Najua utashindwa, wewe ni mtoto wake.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mwajuma, Mama Shabani