Ukuta Usiopigwa Lipu

Leo Jumamosi. Mvua imeshika tangu mchana, barabara ya sokoni imekuwa uji, nami nimejibanza kwenye duka la intaneti nikiwa na kitenge kilicholowa mpaka magotini. Nabonyeza herufi kwa kidole kimoja. Acheke anayetaka. Wenzangu wa rika langu hapa Bariadi hata kuiwasha mashine hii hawajui.

Moyo wangu uko kama nyumba iliyohamwa.

Ukurasa huu alinifungulia mwanangu Kabula, Krismasi iliyopita. Alisema, "Mama, ukiwa na maneno mengi na mimi niko kazini, uwe unayaandika humu, nitasoma." Nilifurahi sana. Ilipita miezi ndipo nikaelewa kwamba mtoto alikuwa ananiambia kwa adabu kuwa simu zangu ni ndefu.

Sijui kama anasoma.

Kwa asiyemjua, Kabula ni msanifu majengo, yuko Dar es Salaam. Si injinia. Watu wa hapa wanachanganya, nami sichoki kuwasahihisha. Injinia anahesabu nondo ili nyumba isianguke. Msanifu ndiye anayeamua nyumba iwe na sura gani. Mimi nimeishia darasa la saba na nimezaa mtu wa kuamua sura za nyumba. Nilimzaa mvua ikinyesha kama hivi, ndiyo maana akaitwa Kabula, yaani mtoto wa mvua kwa Kisukuma. Ni mtoto pekee Mungu aliyeniachia, na baba yake alishatangulia.

Sasa, Mzee Hamisi, yule mwenye duka la vitambaa, anajenga ghorofa karibu na stendi, maduka chini, ofisi juu. Siku hizi mwenye uwezo anajenga, haulizwi. Kazi ya kuchora akampa Kabula wangu. Siku nilipopata habari ile sikumwambia mtu mmoja. Niliwaambia wote, sokoni, kanisani, mpaka kwenye mashine ya kusaga. Nikasema jengo hilo litang'aa kama kioo.

La kioo Kabula hakulisema. Nililiongeza mwenyewe.

Kiangazi alikuja akalala usiku mmoja. Alikaa kwenye meza yangu ya kulia, akatandaza makaratasi, akawa ananisomea huku nachambua mchele. Kurasa nzima nzima, na zote zinahusu sura ya zege tu! Mafundi wetu wamezoea kwamba ukuta wa zege utapigwa lipu, halafu rangi, kwa hiyo ukitoka na makovu nani atajali. Kabula aliandika kinyume. Ukuta hautapigwa lipu kabisa. Mbao za kuzuilia zege zisipigwe randa. Zilowekwe maji kwanza, zisije zikanyonya maji ya zege. Mafuta yapakwe kwa kitambaa, kidogo, maana yakizidi yanaacha madoa. Zege la ukuta mmoja limwagwe bila kukatisha, likikatishwa linaacha mstari. Vitundu vya hewa visizibwe. Ukuta ufunikwe magunia mabichi, usikaushwe na jua.

"Kwa hiyo utabaki uchi?" nikamuuliza.

"Utabaki na alama za mbao, Mama. Zege linachukua sura ya kitu kilicholishika likiwa bichi."

Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Asubuhi yake akaniomba mbao za ghala la baba yake. Hapo aliniumiza, nasema kweli. Ghala lile Baba Kabula alilijenga mwaka wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Ushirika ulikuwa umelala, wakulima wa Kasoli wanahangaika na marobota yao, yeye akasema atakuwa wakala. Hakununua mbao. Alipasua miti mwenyewe, akaichonga kwa tezo, jioni baada ya jioni, mimi nikimshikia upande wa pili. Kampuni iliyokuwa inampa kazi ilikuja ikaondoka, na ghala likawa la kuku. Lakini lilikuwa limesimama. Nilikuwa nikifungua mlango wa jikoni nakutana nalo.

Nilimpa mbao. Ni mtoto wangu, ningemnyima? Mafundi wakalibomoa ghala, wakazipakia mbao kwenye mkokoteni, yeye akapanda basi. Nikadhani ameziona ni mbao za bure tu, za kujengea kisha zinatupwa. Tangu hapo nikifungua mlango wa jikoni naona mpaka kwenye choo cha jirani.

Majuzi mafundi walibandua mbao. Stendi nzima ilisimama kutazama.

Ukuta wa kijivu. Una mistari mistari, una vitundu, kama mtu aliyeamka na alama za mkeka shavuni. Kondakta mmoja akauliza kama Mzee Hamisi ameishiwa. Mama Kulwa, jirani yangu, ambaye nimemlisha ubwabwa wangu miaka yote hii, akanigeukia mbele za watu: "Mama Kabula, mbona hicho kioo chako hakinionyeshi uso?"

Nikamjibu, "Kioo kinaonyesha uso ulionawa."

Watu wakacheka, nikaondoka na ushindi. Lakini nilipofika nyumbani niliketi jikoni na kanga mdomoni. Kwa sababu hata mimi niliuona mbaya.

Asubuhi ya leo, kabla ya mvua, Mzee Hamisi mwenyewe akabisha hodi. Nikamwamkia, akaitikia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, kwa Kisukuma chake kile cha dukani. Alikataa chai, kisha akanywa vikombe viwili. Nikajua ana jambo.

"Mama, mwanao mkaidi."

"Amerithi kwa baba yake," nikasema. Marehemu anabebeshwa mengi.

Akanieleza. Wameandikiana kwamba sura ya ukuta haiguswi mpaka Kabula akubali. Amempigia simu, Kabula hakubali. Watu wanamcheka, wanasema amejenga gofu. Anataka lipu, na rangi ya kijani kama duka lake. "Mimi hanisikii. Wewe ni mama. Mwambie neno moja tu."

 Ndipo akaweka kikombe chini, akasema lile lililonifanya nisiweze kula mchana.

"Akikubali lipu, nampa na kazi ya hoteli. Kiwanja ninacho tayari. Ataisimamia mwenyewe kuanzia msingi. Mwaka mzima, Mama Kabula. Mwaka mzima atakaa hapa Bariadi, kwako."

Hajafika mbali nilikuwa nimeshahamisha mahindi kutoka chumba cha Kabula. Sikumbuki niliinuka saa ngapi kwenye kigoda. Nilijikuta nimekung'uta godoro, nimeshaona viatu vyake mlangoni, nimeshasonga ugali wa watu wawili kichwani. Ugali wa mtu mmoja hauna maana. Unausonga, unaugeuza, unautazama, na sufuria ni ile ile uliyonunua ukiwa na familia. Jioni nawasha redio nipate mtu wa kubishana naye.

Neno moja tu. Na yeye ananisikiliza, angekubali. Lipu ni nini?

Nikatoka kwenda kununua vocha. Njia inapita pale kwenye jengo. Mafundi walikuwa wamekwenda kula, mlinzi akaniamkia, "Shikamoo mama injinia." Nikamsahihisha, nikaingia.

Pale mlangoni, upande ambao kila anayeingia atapita, ukuta si kama kwingine. Kwingine mistari imenyooka, ni ya msumeno. Pale kuna vipande vya kuliwa kuliwa, kama magamba ya sato, vimepangana kutoka chini mpaka juu ya kichwa changu. Niliweka kiganja. Vidole vikajua kabla yangu. Ni tezo. Ni mapigo ya tezo ya Baba Kabula, lile pigo lake la kuanzia kulia, maana alikuwa wa mkono wa kushoto. Usawa wa bega nikakuta jicho la mti, duara lenye mstari katikati. Alikuwa analiita jicho la ng'ombe, na mtoto akiwa mdogo alikuwa analiamkia kila asubuhi akienda kufungulia kuku.

Mbao zote zingeweza kuwekwa popote. Zile ziliwekwa pale.

Mvua ikaanza nikiwa nimesimama. Watu wa stendi wakakimbilia chini ya jengo, muuza karanga, wasafiri wa Nyashimo na mizigo yao, tukabanana. Maji yakalowesha ukuta, ukawa mweusi kama ng'ombe aliyetoka kuogelea, na kila pigo likatokeza. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaegemea kwa mkono, vidole vyake vikaingia kwenye yale mapigo kama vimetengenezewa. Hakuangalia hata. Nilitaka kumwambia huyo unayemshika ni mume wangu. Nikaona atanikimbia, na mvua yote ile.

Nikapiga simu hapo hapo.

"Mama, niko kwenye kikao, nipe dakika." Nikasikia mlango. "Haya."

Nikamweleza yote, lipu, kijani, hoteli, mwaka. Sikuficha kitu. 

"Wewe mwenyewe unauonaje, Mama?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nyumba niliyoolewa niliikuta, niliyojengewa nilionyeshwa. Nikautazama ukuta, nikatazama mvua.

"Uache kama ulivyo," nikasema.

"Umepita pale mlangoni?"

"Nimepita."

"Umeona?"

"Nimeshika."

Simu ilikuwa inakula hela. Kisha akasema, taratibu, "Basi hoteli atapewa mwingine. Na mwezi ujao sitaweza kuja kama nilivyokuahidi, Mama. Labda mwishoni mwa mwaka."

Nikamwambia, "Fanya kazi mwanangu. Mimi sina shida."

Nilipitia dukani kwa Mzee Hamisi, maana jibu la mtu aliyekunywa chai yako linapelekwa kwa miguu. Nikamwambia ukuta unabaki. Akashika ndevu. "Yaani umemwacha mtoto huko Dar kwa ajili ya zege?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Haya, nitauza vitambaa ndani ya gofu," kisha akanivutia kiti. Sikukaa. Ningekaa ningelia, na kesho mji mzima ungejua.

Ndiyo nikaja hapa.

Nimeketi natazama niliyoandika, naona kuna mahali nimesema uongo. Si humu, ni kwenye simu. Lile neno la mwisho. Nilisema sauti ikiwa laini kabisa, imelainishwa kwa mwiko wa fundi lipu, hakuna tundu wala mstari, na yeye akaamini kwa sababu nimekuwa nikisema hivyo hivyo kila anapokata simu.

Kabula, kama unasoma. Nina shida.

Chumba chako nimekitoa mahindi na sitayarudisha. Redio hainijibu. Nyuma ya jikoni pako wazi na upepo unaingia. Sikuambii uje, kazi yako naiona na nimeishika kwa mkono, na kesho baada ya ibada nampeleka Mama Kulwa naye akaishike, anawe asinawe. Ila ukipiga simu ukaniuliza habari za nyumbani nami nikasema nzuri, usikate hapo. Niulize tena.

Binti wa duka anazima mashine za upande ule. Nilitaka kuyafuta haya ya mwisho, kidole kilikuwa tayari pale pa kufutia.

Nimekitoa.