Mashine ya Mzee Hashil

Kibamba

Kaka Didas,

Shikamoo. Mvua zimeanza huku, na paa la jiko linavuja tena. Najua huko kambini mlimani simu haishiki, na kimya changu kwenye redio yetu ya mawasiliano kimekutia hofu. Mie ndiye niliyeizima redio.

Jirani yetu Mzee Hashil anapumua kwa mashine ya oksijeni. Wiki iliyopita nilipokuwa nakuita redioni, mashine yake ikalia, ikazima. Mkewe, Bi Zubeida, alikuja mbio bila viatu.

"Vaileth, midomo yake imekuwa ya bluu! Unaniulia mume na mitambo yako!"

Sikulala. Niligundua mawimbi ya redio yalikuwa yanarudi kwa kufuata zile waya pacha za antena mpaka ndani ya nyumba na kuivuruga mashine yake, na tyuna, kile kisanduku cha kulinganisha antena na redio, peke yake haiyazuii. Nikazungushia kebo kwenye pete ya feraiti, ile sumaku nyeusi, nikapata choki, yaani kizuizi cha mawimbi hayo, nikaifunga kati ya tyuna na waya.

Ikabaki kujaribu. Bi Zubeida alimhamishia mumewe kwenye mtungi wa oksijeni wa akiba, akaiacha mashine ikiunguruma, akakaa kando yake.

"Haya, bonyeza!" aliita ng'ambo ya ukuta.

Nikabonyeza, nikakuita.

"Rudia!"

Nikarudia, kwa nguvu zote za redio. Mashine haikulia. Kisha nikasikia sauti nyembamba ya Mzee Hashil mwenyewe: "Msalimie huyo kaka yako."

Nilishindwa kuendelea kuita, Didas. Nililia.

Ukipata barua hii, washa redio jioni. Nitakuwepo.

Mdogo wako,
Vaileth