Umeme Umerudi, Usimwambie Mtu

Janga, Kibaha
9 Mei 2025

Mpendwa wifi yangu Margareth,

Sasa pale simu ilipokata nilikuwa nimefika wapi? Ehe! Laurean, yule fundi wa sola ya kijiji, kasimama mlangoni kwangu kaloa chapachapa, ananiambia, "Mama Elinipa, mimi nawasha, nyie mnazima!" Ngoja kwanza. Hata salamu sijakupa, utasema kaka yako kaoa porini.

Hujambo wifi? Mguu unaendeleaje? Mama mpe shikamoo yangu, tena ya kupiga magoti, maana najua hizi siku usingizi haumpati kwa ajili ya yale mayai. Sisi wazima, ila simu yangu iliingia maji kwenye ile mvua, ikafa palepale tukiongea, ndiyo maana naandika. Cornel, yule kijana wa bodaboda, anakuletea barua hii pamoja na boksi. Boksi usilifungue mpaka umalize kusoma. Nakujua, mkono ushafika.

Haya. Kideri kilivyowafagia kuku wa mama huko Kisarawe unajua mwenyewe. Yale mayai niliyoyapakata njia nzima kutoka kwenu ndiyo yalikuwa mbegu ya mwisho ya kuchi wake, wale kuku warefu waliomsomesha kaka yako! Yangeharibikia kwangu, ningekuja kwenu na uso gani?

Na umeme wetu ni wa jua, wifi. Jua likiwaka, Seif seremala anaranda mbao zake, jirani yangu Sikudhani anagandisha juisi, mashine yangu ya kutotolesha inapata joto lake, hakuna ugomvi. Jua likizama tunakula kilichobaki kwenye betri. Sasa wiki iliyopita mvua ikatung'ang'ania, jua hatulioni, betri zikachoka, umeme ukakatika mchana kweupe. Na vifaranga ndiyo vimeanza kudonoa! Unavisikia kabisa vinalia humo ndani ya maganda. Nikaifunika mashine na blanketi, vitenge, mpaka koti la kaka yako la kanisani.

Laurean akahangaika, akawasha. Si unatujua umeme ukirudi? Mtaa mzima "Umerudiiii!" na mimi ndiye wa kwanza, sauti yangu inafika mpaka kwa Seif. Kila mtu anachomeka kila kitu. Seif randa, Sikudhani friji, huku pasi, kule jiko la umeme. Pu! Umekata. Akawasha tena, tukashangilia tena. Pu!

Ndipo alipokuja mlangoni. Kumbe betri zikiwa hoi, tukizivamia wote kwa mpigo zinazidiwa, na mitambo inajizima yenyewe isiungue. Tena yale mafriji na mashine za randa yanavuta zaidi pale pale yanapoanza kuzunguka. Inatakiwa watu wote wachomoe, halafu waingie mmoja mmoja, na mayai yatangulie kwa sababu mashine yake inakula umeme kidogo. "Sasa nani anajua nyumba gani ina nini?" akaniuliza.

Wifi! Mimi niulizwe hilo! Mimi najua mpaka mwanamke aliyemficha mumewe jiko la umeme chini ya kitanda. Nikajifunga khanga, nikaingia kwenye mvua, nyumba kwa nyumba, chomoa, chomoa. Seif akaleta ubishi, eti anamalizia kitanda cha bibi harusi. Nikamwambia, "Bibi harusi ana mtu wa kumpa joto, kifaranga hana!" Mkewe akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuchomoa mwenyewe.

Laurean akanipa sharti la mwisho. "Umeme ukirudi, usimwambie mtu mpaka nikupe ishara." Mimi, wifi. Mimi!

Ukarudi. Taa ya mashine ikawaka. Nikauma pindo la khanga. Sikudhani akachungulia dirishani.

"Mama Elinipa, umerudi?"

"Mh."

"Mh ndiyo au mh hapana?"

"Mh tu."

"Leo unaumwa wewe!"

Nilitoka jasho kuliko siku niliyomzaa Elinipa. Nikavumilia hivyohivyo mpaka jua likachungulia, Laurean akanipungia mkono, ndipo nikapita. Wewe friji, wewe pasi ngoja mwenzio amalize, Seif wa mwisho. Haukukatika tena.

Jioni kimoja kikatoka, kimelowa kama tambara la deki. Kisha mwenzake. Mengine yalikataa, sikufichi, ila waliotoka wana shingo ndefu na macho ya kiburi kama mama mkwe wangu. Usimsomee hapo.

Tangu siku hiyo nina cheo. Wingu likitanda, mimi ndiye napita kusema nani achomoe, nani abaki. Kaka yako anasema umbea wangu sasa umepata ajira.

Nisalimie shemeji Vicent, na Bertha mwambie mke wa mjomba wake hajasahau kitenge chake. Mungu awape jua na mvua, kila kimoja kwa zamu yake.

Halafu nilitaka nikupe ule umbea wa mke wa kati wa jirani mmoja... aah! Laurean ananiita huko nje, wingu limeshafunika na randa ya Seif naisikia inanguruma. Cornel naye kashabeba boksi, ananinyang'anya kalamu. Nakimbia.

Wifi yako mwenye kukupenda,
Flaviana

Haya, fungua boksi.